Kidole Gani?

Mtu akikwambia mkono wake unakufa ganzi usiku, usimwulize kwanza alilalaje wala presha yake ikoje. Mwulize: kidole gani?

Ni swali la sekunde mbili, na watu wengi hawajawahi kuulizwa. Hapa Isiolo tuna majibu mengi kuliko maswali. Mkono ukifa ganzi, wa kwanza atasema baridi imekuingia. Wa pili atasema damu haipiti vizuri, sugua mafuta. Wa tatu, ambaye ana jamaa aliyepooza, atatikisa kichwa aseme hiyo ni presha, anza kupunguza chumvi. Kwenye duka la dawa utauziwa vidonge vya maumivu na tyubu ya kupaka, na hakuna atakayeushika mkono wenyewe autazame. Mzee mmoja jirani yetu huku Bulla Pesa ana lake: mikono huzeeka kama viatu, soli huisha.

Katika majibu haya yote mkono ni kitu kimoja, kama gunia. Ukiuma, umeuma wote. Lakini mkono si gunia. Unahudumiwa na neva tatu, kila moja ina vidole vyake na eneo lake la ngozi, na moja ikibanwa ni shamba lake tu linalokauka. Ndiyo maana kidole ni ushahidi.

Mimi nilifundishwa hili kupitia mkono wangu, ambao ulikuwa na shida nyingine kabisa.

Naandika vibarua. Karo ilipokatika mwaka wa pili niliondoka chuo, nikarudi nyumbani na laptopu, na tangu hapo naishi kwa kuandika vitu vya watu: makala za tovuti, maelezo ya bidhaa ambazo sijawahi kuzigusa, maneno ya kusomwa kwenye video. Mwaka jana vidole vyangu vya kulia vikaanza kuwasha kama vimeingiliwa na siafu. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya waandishi jibu lilikuja kabla sijamaliza kueleza. Hiyo ni kapali taneli, wakasema. Ndio ugonjwa wetu, ugonjwa wa watu wa kompyuta. Mmoja akanitumia picha ya kipanya cha bei ya kodi ya mwezi mzima.

Hospitalini nilikutana na mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana tu, aliyekuwa na foleni ndefu na subira ya ajabu. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliuliza kidole gani.

“Cha mwisho. Na nusu ya kidole cha pete.”

“Nusu ipi?”

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kidole kina nusu. Nilikipapasa nikamwambia ni ile inayopakana na kidole cha mwisho. Akanishika kiwiko, akagonga polepole upande wa ndani, pale ambapo ukijigonga mlangoni unapigwa na stima hadi mkononi. Siafu wakaamka wote. Akasema hiyo ni neva ya alna, inabanwa kwenye kiwiko, na tiba ya kuanzia ni kuacha kuegemea kiwiko mezani na kuacha kulala nimekunja mkono nikitazama simu. Taulo juu ya meza, basi. Wiki kadhaa baadaye siafu walikuwa wamehama.

Lakini kabla sijatoka alinieleza ile nyingine ikoje, ile ambayo grupu nzima ilikuwa na hakika ninayo. Na alipokuwa anaeleza, mimi sikuwa nawaza mkono wangu tena. Nilikuwa nawaza wa shangazi.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na dari yake ni ligamenti, utepe mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo zinapita kano 9 zinazokunja vidole, na neva moja, neva ya mediani. Fikiria matatu ya kwenda Meru siku ya soko. Kano ni magunia, neva ni abiria mmoja aliyekaa dirishani. Magunia yakivimba kidogo, au gari likikunja kona kali, hakuna gunia litakalolalamika. Atakayelia ni yule abiria.

Neva hiyo ndiyo inayoleta hisia kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Kidole cha mwisho si chake. Kwa hivyo mtu mwenye kapali taneli halisi, ukimbana kwa maswali, mara nyingi utagundua kidole cha mwisho kiko sawa. Wengi watakuambia mkono wote umekufa, kwa sababu saa nane za usiku nani anahesabu vidole? Lazima aulizwe, halafu aende akachunguze mwenyewe.

Shangazi anauza maziwa ya ngamia. Ni biashara ya wanawake hapa mjini, na ni kubwa kuliko inavyoonekana ukipita barabarani. Maziwa hutoka kwenye mifugo mbali na mji, huko wanakokama wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti. Yanafika Isiolo kwa mitungi ya plastiki ya lita 5, 10 na 20, kwa pikipiki na kwa magari. Akina mama wanayapokea, wanafungua kila mtungi, wananusa, wanaonja, wanamimina, wanafunga, na mzigo unapanda basi kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 270. Kisha mitungi mitupu inarudi, inasuguliwa, inafukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa ya kesho yasiharibike na yawe na ile harufu ambayo mteja asipoipata atauliza ni maziwa gani haya.

Ukiitazama kazi hiyo kwa macho ya kifundo cha mkono, kuna kitu kimoja kinachojirudia: mfuniko. Mfuniko wa mtungi wa plastiki uliokazwa na mwanamume ili usimwagike njiani. Unaukaba, unakunja kifundo, unazungusha kwa nguvu zote. Halafu mwingine. Halafu unaufunga tena, na ukaukaze kuliko alivyoukaza yeye, kwa sababu mbele kuna barabara ndefu zaidi.

Sasa, watu wa kompyuta mnisamehe. Kuhusu kibodi na kipanya, tafiti zimekuwa zikitoa majibu yanayovutana. Ushahidi ulio mzito zaidi uko kwenye kazi za kukaba kwa nguvu, kurudia mwendo ule ule, kifundo kikiwa kimekunjwa, na kazi za mashine zinazotetema. Wachinjaji na wakata nyama. Wakamuaji. Vijana wa mashine za kuchimba mawe. Ongeza mambo ya mwili wenyewe: wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, kisukari huchangia, tezi ya shingo inapofanya kazi kwa uvivu huchangia, baridi yabisi ya viungo huchangia, uzito huchangia. Mimba nayo, kwa sababu ya maji yanayojaa mwilini, na hiyo mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Sisi wa laptopu tumejitwalia ugonjwa huu kwa sababu sisi ndio tunaoandika. Anayefungua mitungi haandiki makala.

Mimi hufanya kazi usiku, bando likiwa rahisi na wateja wa Marekani wakiwa macho. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nasikia bangili za shangazi kupitia ukutani, kati ya saa saba na saa tisa, zikigongana kwa kasi, halafu kimya. Alikuwa anakung'uta mkono, kama mtu aliyemaliza kunawa akakosa taulo. Sasa yule kijana wa hospitali alikuwa ameniambia kwamba hiyo yenyewe ni dalili, na kwamba madaktari huiuliza makusudi: ukiamka na ganzi, unafanya nini? Anayekung'uta mkono bila kufundishwa amejibu nusu ya swali. Usiku huja hivyo kwa sababu tunalala tumekunja vifundo, mkono chini ya shavu au chini ya mto, na kifundo kikikunjwa nafasi ndani ya njia ile inazidi kuwa finyu.

Jioni hiyo nilichukua karatasi ya daftari, nikamwomba shangazi aweke kiganja juu yake, nikachora kuzunguka vidole kama tulivyofanya darasa la kwanza. Nikampa kalamu.

“Kesho usiku ukiamka, paka rangi pale palipokufa. Pale tu.”

“Wewe mtoto, niamke saa nane nianze kuchora?”

“Ndiyo, shangazi. Mara moja tu.”

Asubuhi karatasi ilikuwa chini ya thermosi ya chai. Alikuwa amepaka gumba, shahada, kidole cha kati chote, na kwenye kidole cha pete alikuwa amepiga mstari katikati, kutoka ncha hadi chini, akapaka upande mmoja. Kidole cha mwisho kilikuwa cheupe. Kiganja chenyewe pia alikiacha cheupe, karibu chote, na hilo nalo lina maana: tawi la neva linalohudumia ngozi ya kiganja hutoka mapema na kupita juu ya ile njia, si ndani yake. Shangazi hajasoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa amechora ramani ambayo ungeikuta kwenye kitabu cha daktari.

Baada ya hapo mengine yakaanza kujieleza. Sarafu, kwa mfano. Alikuwa ameacha kutafuta chenji kwa kupapasa ndani ya kibindo, akawa anamwaga zote mezani, kwa sababu vidole havikumwambia tena ipi ni ya shilingi 10 na ipi ya 20. Tasbihi: alianza kuhesabu kwa mkono wa kushoto. Kifungo cha shingoni alikuwa anamwachia binti yake. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kovu jipya la moto, la siku aliyokuwa anafukiza mitungi, na alipoulizwa alisema hakujua limeingia saa ngapi. Hilo la moto ndilo lililonitisha. Ganzi ya usiku inakunyima usingizi tu. Ganzi inayokaa hadi mchana inakuondolea mlinzi.

Na kulikuwa na lile ambalo mtaalamu aliniambia nilitazame kwa kulinganisha mikono yote miwili, viganja juu, kwenye mwanga. Chini ya gumba kuna nyama iliyovimba kidogo, kama kilima. Neva hii hii ndiyo inayoipa nyama hiyo amri. Ikibanwa kwa muda mrefu, kilima kinashuka. Wa kushoto wa shangazi ulikuwa mviringo. Wa kulia ulikuwa umeanza kuwa bapa. Nilipomwambia agusanishe gumba na kidole cha mwisho nami nijaribu kupenya katikati, wa kushoto ulinikataa. Wa kulia uliachia kama kamba iliyooza.

Kuna majaribio mawili ambayo yana majina ya watu, na nilipoyasoma nilishangaa yanavyogusana na mji wetu. La kugonga neva na kusikiliza stima linabeba jina la Jules Tinel, daktari Mfaransa aliyeandika juu yake mwaka 1915, akitibu askari waliojeruhiwa neva katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni vita hivyo hivyo vilivyowaleta Isiolo Wasomali wa Isaaq, wanajeshi wastaafu waliotumikia upande wa Waingereza wakapewa makazi hapa. La pili ni la George Phalen, Mmarekani: unabana migongo ya mikono yako pamoja, vidole vikitazama chini, unakaa hivyo sekunde 60. Vidole vile vitatu na nusu vikianza kuwasha, ni dokezo. Mwaka 1966 Phalen alichapisha uzoefu wake wa miaka 17 na mikono 654, mingi ya wanawake wa umri wa kati. Majaribio haya si hukumu. Kuna wenye ugonjwa yanayowapita, na wazima yanayowashtua. Kipimo cha uhakika zaidi hupima jinsi stima inavyosafiri ndani ya neva.

Na si kila ganzi ni hii. Ikija ghafla, upande mmoja wa mwili, mdomo ukaenda kando au maneno yakagoma kutoka, hiyo inaweza kuwa kiharusi, na hapo hakuna cha kuchora kwenye karatasi: ni hospitali, saa hiyo hiyo. Ikianzia nyayo zote mbili ikapanda, kapimwe sukari. Ikishuka kutoka shingoni kila unapogeuza kichwa, shida huenda iko shingoni. Ikiwa ni kidole cha mwisho, karibu kwenye chama changu, tandika taulo.

Shangazi alikuwa ameshafika kliniki mara mbili kabla ya haya yote. Mara zote mbili alirudi na vidonge vya maumivu na maneno kwamba ni umri. Mara ya tatu alikwenda na karatasi yake. Daktari aliitazama kwa muda, akaugeuza mkono, akabonyeza kile kilima, na mazungumzo yakawa mengine.

Tiba yenyewe haina maajabu. Kwa ambaye hajafika mbali ni bamba la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka usiku, kupunguza ule mwendo unaochokoza, na kutibu kinachochochea kama ni sukari au tezi. Kuna sindano ya steroidi ambayo huwapa wengi nafuu, ingawa kwa wengine dalili hurudi. Na kuna upasuaji mdogo, mara nyingi kwa ganzi ya mkono tu: wanakata ile ligamenti, dari inafunguka, abiria anapumua. Kukosa usingizi mara nyingi huisha mapema. Nyama iliyokwisha chini ya gumba haina ahadi. Ikikaa sana bila neva, huenda isirudi. Ndiyo maana swali la kidole gani linafaa kuulizwa mwaka wa kwanza, si wa tano.

Kinachobaki ni hesabu ambayo daktari haandiki kwenye barua. Baada ya upasuaji, nguvu ya kukaba huchukua wiki kadhaa kurudi, wakati mwingine miezi. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, na magonjwa yanayoletwa na kazi yamo ndani yake. Lakini inamhusu mwajiriwa, na lazima awepo mwajiri wa kudaiwa. Shangazi hana. Mimi sina. Jamaa wa boda anayeshika usukani unaotetema kutoka alfajiri hana. Mji mzima unakula kwa mikono ambayo hakuna anayeiandikisha, na mkono ukigoma anayelipa ni nyumba. Kwetu, miezi ambayo wateja wangu wanachelewa kulipa, kodi inatoka kwenye mitungi.

Barua ya upasuaji iko ndani ya mkoba wa shangazi, imekunjwa pamoja na kitambulisho. Mwanzoni alisema atakwenda kiangazi, maziwa yakipungua na mitungi ikawa michache. Nikamwambia neva haijui kiangazi. Akanijibu kwamba na wateja wa Eastleigh hawajui neva. Tukavutana hivyo siku nne. Mwishowe tulikubaliana: bamba usiku, na bangili zimevuliwa zikawekwa kabatini, tarehe ya hospitali haisogezwi, na mpaka ifike, yeye anabaki na kuonja, kunusa na kupiga hesabu, ambazo hazihitaji gumba. Mifuniko ni yangu.

Nimeanza Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya basi, nikiwa na usingizi wa makala niliyomaliza saa nane. Siku ya tatu kifundo changu kilikuwa kinauma hadi kwenye mkono wa juu, nikaamua kuhesabu nijue ninalalamikia nini. Kufungua na kufunga, ilikuwa mara 112. Nilimwuliza shangazi kama ile ilikuwa siku mbaya.

“Hapana,” akasema, “ya kawaida.”

Ameifanya kwa miaka 19.